Hisa za marehemu: bei ipo ubaoni, mnunuzi yuko wapi?

Matanga yakiisha, wanandugu hukaa kikao cha mirathi. Nyumba inajulikana, shamba linajulikana, ng'ombe wamehesabiwa. Kisha mtu anafungua bahasha ya kaki iliyokuwa chini ya nguo kabatini na kutoa karatasi ambazo wengi hawajawahi kuziona: hati za hisa za kampuni moja au mbili, zilizonunuliwa miaka kumi au kumi na tano iliyopita. Kijana mwenye simu anaingia mtandaoni, anasoma bei ya siku hiyo, anazidisha kwa idadi ya hisa na kutaja jumla. Kikao kinachangamka. Kuanzia dakika hiyo jumla ile inahesabiwa kama fedha taslimu, na hapo ndipo mbegu ya ugomvi inapopandwa.

Chukulia familia ya watoto wawili. Nyumba amebaki nayo mama na hakuna anayebisha. Vinabaki kiwanja kilichothaminiwa shilingi milioni 2, na hisa 4,000 za kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambayo bei yake ubaoni ni shilingi 500. Mara 4,000, ni shilingi milioni 2 kamili.

“Mdogo wangu, wewe chukua hisa, mimi nichukue kiwanja. Hesabu ni moja,” anasema kaka.

“Sawa, kaka,” anajibu dada, ambaye mtoto wake anaanza chuo baada ya miezi mitatu na anaona afadhali karatasi inayouzika kuliko kiwanja cha kutafutia mteja. Shangazi anayesimamia kikao anawasifu kwa kutogombana.

Miezi mitatu inapita. Dada amepeleka oda ya kuuza kwa dalali wa hisa, na kila akipiga simu anajibiwa kwamba zimeuzwa kidogo, au hazijauzwa kabisa. Chuo kimefungua. Anakopa. Siku anayompigia kaka yake, maneno yanatoka makali: “Kaka, ulinipa karatasi.” Kaka naye anajibu kwamba alimpa milioni mbili, bei imeandikwa, na kila mtu aliiona. Wote wawili wanasema kweli, na hakuna aliyemwibia mwenzake. Walichokosa wote, pamoja na shangazi, ni kujua kwamba hisa kuwa na bei ubaoni ni jambo moja, na kuuzika ni jambo lingine.

Uwezo huo wa kuuzika una jina lake katika lugha ya masoko ya mitaji: ukwasi. Neno hili ni la zamani, na mkwasi katika Kiswahili cha kila siku ni tajiri. Wataalamu wa fedha wamelichukua wakalipa kazi nyingine, na wakati mwingine linawachanganya watu, maana mtu anaweza kuwa tajiri wa mali asiwe na ukwasi hata chembe. Mwenye ekari hamsini na deni la dawa hospitalini anaelewa vizuri. Ukwasi wa mali ni ule wepesi wa kuigeuza kuwa fedha upesi, kwa kiasi unachotaka, bila kulazimika kuishusha bei sana. Hayo matatu huenda pamoja. Kitu chochote huuzwa upesi ukikitupa kwa nusu bei, na chochote huuzwa kwa bei nzuri ukiwa tayari kusubiri miaka miwili. Kinachotafutwa ni vyote kwa wakati mmoja.

Mfugaji hahitaji kufundishwa hili. Akipeleka ng'ombe mnada wa Pugu siku wanunuzi wamejaa, anarudi na fedha jioni. Akipeleka ng'ombe yuleyule siku ambayo wauzaji ni mia na wanunuzi ni watano, atarudi naye au atamwacha kwa bei ya kuuma. Ng'ombe hajabadilika, na mnada ni uleule. Kuorodheshwa kwa hisa ni sawa na kumwingiza ng'ombe mnadani: amepimwa, ana cheti, yuko uwanjani na sheria za mnada zinamlinda muuzaji na mnunuzi. Idadi ya wanunuzi waliofika siku hiyo ni habari nyingine kabisa.

Hata hivyo kuorodheshwa si jambo dogo, na familia isilidharau. Hisa ambazo hazimo sokoni zina taabu yake. Mwenye hisa katika kampuni binafsi, kwa mfano kampuni ya usafirishaji ya ukoo, hana mahali pa kuzipeleka. Atafute mnunuzi mwenyewe, wakubaliane bei bila kioo cha kutazamia, na mara nyingi katiba ya kampuni inataka wakurugenzi wamkubali huyo mgeni kwanza. Hisa za SACCOS nazo, ambazo wengi huzichanganya na hizi za sokoni kwa sababu ya jina, haziuzwi kwa mtu baki barabarani; zina taratibu zake ndani ya chama. Kampuni ikiorodheshwa, hesabu zake hutangazwa, bei inaonekana na kila mtu, umiliki unawekwa katika daftari kuu la kielektroniki, na mnunuzi na muuzaji hawahitaji kujuana. Mauzo yakifanyika, fedha na hisa hubadilishana mikono siku tatu za kazi baadaye, Dar es Salaam na Nairobi vilevile.

Benki ya Equity ya Kenya ni mfano mzuri wa faida hiyo. Ilipoingia katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2006, haikuuza hisa mpya hata moja. Ilichofanya ni kuziorodhesha hisa zilizokwisha kuwa mikononi mwa watu, ili wanahisa wake, wengi wao wateja wa kawaida, wapate mahali pa kununua na kuuzia. Kampuni haikuongeza shilingi kwenye mtaji wake siku ile. Iliwapa wenye hisa mlango.

Lakini mlango ukiwa wazi na barabara haipiti mtu, unakaa tu. Ushahidi ulio wazi zaidi uko Dar es Salaam kwenyewe. Kampuni kadhaa za Kenya zimeorodheshwa katika masoko yote mawili: KCB, East African Breweries, Jubilee, Nation Media na Kenya Airways. Kwenye ubao wa Dar es Salaam majina yao yapo na bei zipo. Mauzo ndiyo haba, na siku nyingi hakuna kabisa, kwa sababu wanunuzi na wauzaji wa hisa hizo wako Nairobi. Kampuni ni ileile na gawio ni lilelile, ila mwenye hisa aliyeko upande mmoja anauza asubuhi, na mwenzake wa upande wa pili anangoja. Kuzihamishia Nairobi kunawezekana, lakini ni safari ya makaratasi, na mtoto akiwa amelazwa hakuna mwenye subira ya makaratasi.

Soko la Dar es Salaam bado ni changa likilinganishwa na la Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1954. Sheria ya masoko ya mitaji ilipitishwa mwaka 1994, soko likasajiliwa 1996, na biashara ikaanza Aprili 1998 na kampuni moja tu, TOL, watengenezaji wa gesi ya oksijeni. TBL ikafuata mwaka huohuo. Kwa muda mrefu kampuni zilikuwa chache, na waliozijua ni wachache zaidi.

Ila uchanga pekee hauelezi kila kitu. Sababu kubwa ya hisa nyingi kukosa ukwasi ni kwamba hazimo mikononi mwa watu wanaouza na kununua. Kampuni ya Sigara Tanzania, TCC, ni mfano: hisa 75 katika kila 100 ni za kampuni mama, JTI, na hizo hazifiki sokoni. Zinabaki 25, na sehemu ya hizo ziko kwa mifuko ya pensheni na taasisi ambazo hununua ili zikae nazo. Zinazobaki ziko katika bahasha za kaki chini ya nguo. Za kuzunguka sokoni zikawa kiganja. Ndiyo maana kwa miaka kadhaa mtu angeweza kutazama ubao na kuona TCC iko shilingi 17,000 na TBL iko shilingi 10,900, wiki baada ya wiki, bila kutikisika.

Hapa wengi hudanganyika. Bei isiyotikisika huonekana kama bei imara, kama nyumba ya zege. Mara nyingi maana yake ni nyingine: bei inayoandikwa ubaoni ni ile ambayo mauzo ya mwisho yalifanyika. Kama hakuna mauzo leo, ya jana inabaki. Kama jana hayakuwepo, ya wiki iliyopita inabaki. Bei hiyo ni kumbukumbu ya watu wawili waliokubaliana siku fulani, na pengine walikubaliana hisa mia tu. Haimwahidi mjane yeyote kwamba kesho atapewa kiasi hichohicho kwa hisa zake 4,000.

Irudiwe hesabu ya yule dada, maana namba husema vizuri kuliko maneno. Ubaoni ni shilingi 500. Dalali anapofungua daftari la oda, anakuta mnunuzi wa kwanza anataka hisa 600 kwa shilingi 490. Wa pili anataka 900 kwa shilingi 475. Wa tatu anataka 1,500 kwa shilingi 455. Baada ya hapo hakuna mtu. Dada akiwauzia wote watatu, atapata 294,000, kisha 427,500, kisha 682,500, jumla shilingi 1,404,000. Makato ya dalali, ya soko na ya mamlaka yakitolewa, ambayo kwa jumla huzidi kidogo asilimia 2, anabakiwa na takriban 1,370,000. Na hisa 1,000 bado anazo, na sasa mauzo ya mwisho ni 455, kwa hiyo hata hizo zilizobaki zimeshuka ubaoni. Amezishusha yeye mwenyewe kwa kuuza. Kaka yake na kiwanja cha milioni mbili yuko palepale. (Kiwanja nacho kina matatizo yake ya kuuzika, na kaka siku akihitaji fedha haraka atayajua. Ila yeye hakukitaka kwa ajili ya ada.)

Hesabu hiyo ni ya mfano, lakini mwenendo wake ndio wa soko lenye wanunuzi wachache. Mwenye hisa 50 hauoni, maana mnunuzi wa kwanza anammaliza. Mwenye hisa nyingi ndiye anayeumia, na marehemu waliojiwekea akiba miaka mingi ndio huacha nyingi.

Simu imerahisisha mambo. Siku hizi mtu ananunua na kuuza kwa programu ya DSE Hisa Kiganjani akiwa kitandani, bila kupanda daladala kwenda kwa dalali, na vijana wengi wameingia sokoni kwa njia hiyo. Ni jambo la kushangilia, kwa kuwa kila mnunuzi mpya anaongeza ukwasi wa wote. Lakini simu hupeleka oda tu. Asiyekuwepo upande wa pili haletwi na simu.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo ni kudhani kwamba hisa ikiuzika basi ni salama. Mwaka 2008 Safaricom iliuza kwa umma hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Watu walipanga foleni, wengine wakakopa benki, maombi yakazidi hisa zilizokuwepo mara nyingi, na waliopata hisa walipata pungufu ya walichoomba. Hisa zikaanza kuuzwa sokoni Juni mwaka huo. Mwanzoni bei ilikuwa juu ya 5, kisha ikashuka chini yake, na mwaka uliofuata ilifika chini ya shilingi 3. Waliokopa walilia. Lakini wakati wote huo, hata siku mbaya kuliko zote, aliyetaka kuuza hisa za Safaricom aliuza. Wanunuzi walikuwepo, bei ndiyo iliyokuwa mbaya. Hiyo ni hasara yenye ukwasi. Mtu analia, lakini analia na fedha kidogo mkononi, na anaweza kulipa kitanda cha hospitali.

Tanzania ilikuwa na foleni yake mwaka 2017. Sheria ya mawasiliano ilizitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa zao kwa umma kupitia soko la hisa, na Vodacom Tanzania ikatangulia: hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja, jumla shilingi bilioni 476. Watanzania zaidi ya 40,000 wakawa wanahisa, wengi wao kwa mara ya kwanza maishani. Agosti 15 mwaka huo hisa zikaorodheshwa. Wengi waliamini kwamba kuorodheshwa ndiko kufika, kwamba ikishaingia ubaoni bei itapanda na mtu atauza akitaka. Miaka iliyofuata bei ilikaa muda mrefu chini ya ile 850, na robo tatu ya kampuni ikaendelea kuwa mikononi mwa wenye nguvu. Aliyenunua kwa ajili ya gawio na watoto wake hakupata tatizo. Aliyenunua kwa fedha ya kumalizia bati la nyumba alijikuta anachagua kati ya kuuza kwa hasara na kulala chini ya turubai.

Zaidi ya wanunuzi kuwa wachache, kuna siku mlango wenyewe hufungwa. Julai 2020 biashara ya hisa za Kenya Airways ilisimamishwa wakati serikali ikiwa na mpango wa kuitaifisha kampuni hiyo. Bei ya mwisho ilikuwa shilingi 3.83 za Kenya. Hisa hizo ziliendelea kuitwa za kampuni iliyoorodheshwa, na mwenye nazo aliendelea kuwa mwanahisa, lakini hakuna aliyeweza kuuza wala kununua hata moja hadi Januari 2025. Miaka minne na nusu. Mtoto aliyekuwa darasa la tatu alimaliza la saba. Uchumi, ile ya maduka makubwa, ilisimamishwa Nairobi mwaka 2006 na kurudi 2011. Hapa nyumbani kampuni ya uwekezaji ya NICOL, iliyokusanya akiba za Watanzania wengi wa kawaida, iliorodheshwa 2008, ikaondolewa 2011, ikarejeshwa 2018. Katika miaka ile saba waliokufa waliacha hisa ambazo warithi hawakuwa na pa kuzipeleka.

Kuondolewa sokoni si msiba kila mara. KenolKobil iliondoka Soko la Nairobi mwaka 2019 kwa sababu Rubis ya Ufaransa iliinunua yote, na wanahisa walilipwa shilingi 23 za Kenya kwa kila hisa. Wale waliondoka na fedha. Kwa hiyo mrithi anayekuta jina la kampuni halipo tena ubaoni asikate tamaa wala asitupe hati. Aulize kwanza iliondoka kwa njia ipi, na kama kuna malipo ambayo marehemu hakuyachukua.

Sasa familia ifanye nini na ile bahasha?

Kwanza, bei isitajwe kikaoni peke yake. Soko la Dar es Salaam hutoa ripoti ya kila siku, na ndani yake kuna mambo yenye faida kuliko bei: hisa ngapi zimeuzwa, kwa mikataba mingapi, na ngapi zinasubiri mnunuzi au muuzaji. Kijana mwenye simu asiishie kwenye safu ya bei. Atazame ripoti za wiki nne au tano. Akiona kampuni ile inauzwa karibu kila siku, mikataba ni mingi, na oda za kununua zinazosubiri ni maelfu, hizo hisa zina ukwasi. Akiona sifuri, sifuri, hisa 40, sifuri, na upande wa wauzaji kuna laki mbili zinangoja huku upande wa wanunuzi ni mtupu, basi bei iliyoandikwa isitumiwe kugawia mirathi. Asidanganywe pia na siku moja yenye mauzo ya mabilioni. Mara nyingi hiyo ni taasisi moja imeuziana na nyingine furushi zima kwa makubaliano, na mwenye hisa 4,000 hakuwamo.

Jambo la pili ndilo lingewaokoa kaka na dada, na linashangaza kwamba vikao vingi havilifikirii. Hisa hugawanyika. Nyumba haigawanyiki bila msumeno, ng'ombe mmoja hagawanyiki akiwa hai, lakini hisa 4,000 ni 2,000 na 2,000, bila kumwita mthamini na bila kubishana juu ya bei. Kila mrithi apewe idadi yake kwa jina lake, na kiwanja nacho kigawanywe au kiuzwe wagawane. Zikipanda, zimewapandia wote, na zikikwama, zimekwama kwa wote, hakuna atakayempigia mwenzake simu ya lawama. Kama kaka anataka kiwanja chote kwa sababu yeye ndiye anayeishi karibu nacho, ni sawa, lakini alipe tofauti kwa fedha au akubali punguzo la kweli kwenye thamani ya hisa anazomwachia mwenzake. Punguzo hilo halina kanuni moja. Dalali aliyeona daftari la oda anaweza kusema leo zingeuzika kwa kiasi gani na kwa muda gani, na hiyo ndiyo namba ya kupeleka kikaoni.

Wengine wataamua kutouza, na mara nyingi huo ndio uamuzi mzuri kwa hisa zisizozunguka. Hisa ya kampuni inayopata faida na kulipa gawio kila mwaka ni kama mnazi. Watu hawahangaiki mnazi utauzwa shilingi ngapi, wanaangua nazi. Mama mjane anayepata gawio la mwaka likamnunulia dawa za presha na kulipia bima yake ana mali nzuri hata kama ubaoni hakuna mnunuzi. Tatizo huja pale familia inapoutegemea mnazi huo kama mkoba wa dharura. Fedha ya dharura ikae mahali pengine, iwe benki, kikundi cha akina mama, au mfuko wa uwekezaji wa pamoja unaonunua vipande vyako wenyewe unapotaka kutoka. UTT AMIS wana mfuko walioupa jina hilohilo, Mfuko wa Ukwasi, na anayeuza vipande vyake pale hamsubiri mnunuzi, anasubiri siku chache za kazi tu. Faida yake si ya kuota utajiri, na haikukusudiwa iwe hivyo.

Kwa anayelazimika kuuza hisa zenye wanunuzi wachache, haraka ndiyo adui. Aweke oda yenye kikomo cha bei, yaani amwambie dalali asiuze chini ya kiasi fulani, na auze kwa mafungu badala ya kuzimwaga zote siku moja. Asimfuate mtu wa mtaani anayejitolea kununua hati mkononi kwa nusu bei “kumsaidia”. Hisa za sokoni huuzwa kwa dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na umiliki hauhami kwa kukabidhiana karatasi uani.

Kabla ya yote hayo kuna mahakama. Hisa ya marehemu haiuzwi na mwanawe hata awe mkubwa kiasi gani. Lazima msimamizi wa mirathi ateuliwe, barua zake zipelekwe kupitia dalali, majina yabadilishwe katika daftari kuu, kisha ndipo oda ya kuuza iwekwe. Hatua hizo huchukua miezi, na mara nyingi zaidi ya ilivyotarajiwa, hasa jina la kitambulisho na la hati ya hisa zikitofautiana kwa herufi moja. Familia yenye mtoto wa kulipiwa ada mwezi wa kwanza, na hisa ambazo ripoti inaonyesha sifuri mbili kwa kila siku moja ya mauzo, ihesabu kurudi nyuma kutoka hapo: siku tatu za kazi za malipo, wiki kadhaa za kuuza kwa mafungu, na miezi ya mahakama kabla yake. Barua kwa dalali inatakiwa iwe imefika mwezi wa nane.